Jiko lililohesabiwa kabla ya kuwashwa: uchambuzi wa kisa cha mradi wa krediti za kaboni

Kisa hiki kinahusu kampuni iliyosambaza majiko banifu kwa fedha za soko la kaboni, ikaja kugundua kwamba sehemu kubwa ya hewa ukaa iliyodai kuiokoa haikuwa imeokolewa. Ililazimika kuchagua: iendelee kimya kimya, au ipime upya kila kitu na kukubali hasara. Majina ya kampuni, nchi, wanunuzi na watu yameondolewa, na mambo madogo madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mimi niliingia nikiwa mmoja wa walioombwa kupitia takwimu za ufuatiliaji, hivyo ninayoyaeleza niliyakuta kwenye mafaili na kwenye jikoni za watu. Nitaiita Kampuni, na mteja wake mkubwa nitamwita Mnunuzi.

## Usuli

Shirika la Kimataifa la Nishati, katika ripoti yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu wapatao bilioni 2.3 wasio na nishati safi ya kupikia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Kuni zinazotoa moshi huo zinatoa pia hewa ukaa, na pale misitu inapokatwa kwa kasi kuliko inavyoota, hewa hiyo inabaki angani. Ndiyo maana jiko banifu lilipata nafasi mapema katika biashara ya kaboni. Ni kifaa cha bei nafuu, kinasambazwa haraka, na kinaokoa kuni, afya na muda kwa pamoja.

Krediti moja ni tani moja ya hewa ukaa inayodaiwa kuokolewa, na mnunuzi huitumia kufidia hewa anayoitoa mwenyewe. Hesabu ya krediti za jiko haina ugumu. Unachukua kiasi cha kuni ambacho kaya ilikuwa ikitumia kabla ya mradi, unatafuta jiko jipya linaokoa kiasi gani, unazidisha kwa hewa ukaa inayotoka katika kila tani ya kuni, halafu unazidisha kwa ile sehemu ya kuni ambayo msitu haurudishi. Hicho cha mwisho ndicho chenye mzozo, nami nitakiita sehemu isiyorejea. Mti ukikatwa na mwingine ukaota mahali pake, hewa ukaa iliyotoka jikoni inafyonzwa tena na mti mpya, kwa hiyo huwezi kudai umeiokoa. Unaruhusiwa kuhesabu zile kuni tu ambazo hazikufidiwa na ukuaji wa miti.

Mfumo wa Maendeleo Safi (CDM), mpango wa krediti za kaboni uliozaliwa na Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997, uliwahi kuziwekea nchi viwango vya sehemu isiyorejea, na kwa nchi nyingi vilizidi asilimia 80. Mwaka 2015 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature Climate Change ulikadiria kwamba, kwa dunia nzima, kuni zinazokatwa kupita uwezo wa msitu ni asilimia 27 hadi 34 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Miradi mingi iliendelea na viwango vya juu kwa sababu kanuni ziliiruhusu, na Kampuni ilikuwa miongoni mwake.

Nitoe mfano wa hesabu, ambao si takwimu za mradi wenyewe. Kwa viwango vya kawaida vya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi (IPCC), tani moja ya kuni ikiungua inatoa karibu tani 1.75 za hewa ukaa. Tuseme kaya inatumia tani 4 kwa mwaka, jiko linaokoa nusu, na sehemu isiyorejea ni asilimia 90. Kila jiko litapata krediti 3.1 kwa mwaka. Sasa tuseme ukipima kweli unakuta kaya ilikuwa ikitumia tani 2.5, sehemu isiyorejea ni asilimia 30, na jiko linatumika kwa asilimia 60 tu ya mapishi. Krediti zinashuka hadi 0.4. Jiko ni lilelile na nyumba ni ileile, lakini hesabu ya kwanza ni karibu mara nane ya hii ya pili. Hakuna kipengele hata kimoja hapo ambacho mtu amekighushi. Kila kimoja kimesogezwa kuelekea upande mmoja, na vinapozidishana, kosa linakua.

Kampuni ilianzishwa na wahandisi wenye nia njema, na jiko lao lilikuwa zuri. Katika maabara lilichemsha maji kwa chini ya nusu ya kuni za mafiga matatu. Tatizo lilikuwa mtaji, kwa kuwa kaya walizozilenga zisingeweza kumudu bei halisi. Soko la kaboni likaziba pengo. Mnunuzi, kampuni kubwa ya nje iliyokuwa imewaahidi wateja wake kupunguza hewa ukaa, alilipa mapema kwa krediti za miaka kadhaa ijayo. Kaya zikapewa jiko kwa mchango mdogo sana, na kila kaya ikatia saini fomu ya kuikabidhi Kampuni haki ya kaboni.

## Mambo yalivyokwenda

Miaka ya mwanzo kila kitu kilipanda. Majiko yaligawiwa kwa maelfu, mkaguzi huru alipitisha ripoti, krediti zilitoka, na fedha zilizopatikana zilinunua majiko mengine. Ufuatiliaji ulikuwa wa dodoso. Kijana mwenye fulana ya Kampuni alifika nyumbani na kuuliza kama jiko linatumika. Karibu kila mtu alijibu ndiyo. Ukimpa mtu zawadi kisha ukaenda mwenyewe kumuuliza kama anaitumia, atakujibu nini kingine?

Nyufa zilianza kuonwa na msimamizi wa kanda, si na ofisi kuu. Siku moja alipita kwenye nyumba kadhaa bila kutoa taarifa. Katika mojawapo alikuta jiko la mradi juu ya rafu, rangi yake bado inang'aa, na namba ya usajili ikisomeka vizuri kabisa. Chini, kwenye mafiga, majivu yalikuwa bado ya moto. Alimuuliza mwenye nyumba kama jiko lina kasoro.

"Halina kasoro, mwanangu," mama yule alimwambia. "Ila linataka kuni zilizochanjwa nyembamba nyembamba, na mwenye shoka anarudi jioni. Na ile sufuria yangu kubwa haikai pale juu, inayumba. Nalitumia asubuhi, kwa chai ya watoto."

Jibu hilo lilibeba habari nyingi kuliko ripoti nzima ya ukaguzi. Jiko lilitumika, hilo ni kweli, na kwenye dodoso mama huyo angeandikwa "mtumiaji wa kila siku". Lakini chakula kikuu, kinachokula kuni nyingi, kiliendelea kupikwa kwenye mafiga. Msimamizi aliandika taarifa ya kurasa mbili na kuituma makao makuu. Ilikaa miezi bila kujibiwa. Ilikuwa msimu wa kufunga mkataba mpya na Mnunuzi, na hakuna aliyetaka kufungua suala hilo wakati huo.

Soko ndilo lililolifungua. Januari 2023 vyombo vya habari vya Ulaya vilichapisha uchunguzi mkali kuhusu krediti za kulinda misitu, na wanunuzi wakaanza kuuliza maswali ambayo hawakuwahi kuyauliza. Mwaka mmoja baadaye, Januari 2024, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Annelise Gill-Wiehl, Daniel Kammen na Barbara Haya, walichapisha katika jarida la Nature Sustainability uchambuzi wa miradi ya majiko. Waligundua kwamba miradi waliyoichukua kama sampuli ilikuwa imepewa, kwa wastani, krediti mara 9.2 ya zile ilizostahili. Sababu walizozitaja zilikuwa zilezile: matumizi yaliyokuzwa, mafiga yaliyoendelea kuwashwa kando ya jiko jipya, na sehemu isiyorejea iliyowekwa juu mno. Walionyesha pia kwamba mbinu ya kupima nishati kwa mita ndiyo iliyokaribia ukweli kuliko nyingine.

Mnunuzi aliandika barua fupi. Alitaka aelezwe, ndani ya robo mwaka, ni kiasi gani cha krediti alizonunua kingesimama kama kingepimwa kwa mbinu kali. Malipo ya awamu iliyofuata yalisimamishwa hadi jibu lipatikane.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uongozi ulikuwa na njia tatu mezani, na nilishuhudia zikijadiliwa kwa uzito.

Ya kwanza ilikuwa kuuza haraka krediti zote zilizokwisha kutolewa na ambazo bado hazijauzwa, kabla bei haijashuka zaidi. Kisheria hakukuwa na kizuizi. Krediti zilikuwa kwenye rejista, yaani daftari rasmi la krediti, zilikaguliwa, na zilikuwa mali ya Kampuni. Mkuu wa fedha aliitetea njia hii kwa hoja ambayo si ya kupuuzwa: fedha hizo zingelipa mishahara ya mwaka mzima na kulinda ajira za mafundi ambao hawakuwa na kosa lolote.

Ya pili ilikuwa kurekebisha kimya kimya, yaani kushusha vipimo katika kipindi kijacho, kuacha yaliyopita yapite, na kumjibu Mnunuzi kwa lugha ya jumla. Wengi waliielemea hii mwanzoni.

Ya tatu ilikuwa kupima upya, kumwambia Mnunuzi matokeo hata yakiwa mabaya, na kuzizuia krediti ambazo hazijauzwa zisiingie sokoni mpaka ijulikane ngapi ni za kweli.

Mkurugenzi alichagua ya tatu. Sababu aliyoitoa mbele ya bodi ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kimaadili. Alisema bidhaa pekee wanayouza ni imani kwamba tani iliyoandikwa ni tani kweli, na hakuna ghala lolote ambako mteja anaweza kwenda kuiona bidhaa hiyo. Imani ikipotea, hakuna kilichobaki cha kuuza kwa bei yoyote. Naona hoja hiyo ilikuwa sahihi, na matukio ya baadaye yaliipa uzito: Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa New York waliwafungulia mashtaka viongozi wa zamani wa kampuni nyingine ya miradi ya majiko, kwa tuhuma za kuchezea takwimu za matumizi ili kupata krediti nyingi.

Kazi ya kupima ilikuwa na sehemu mbili. Kwanza, vitambuzi vidogo vya joto vilifungwa katika sampuli ya nyumba, kwenye jiko la mradi na pia pembeni ya mafiga. Hilo la pili lilipingwa na baadhi ya watu kwa sababu ya gharama, lakini bila lenyewe vipimo vingekuwa nusu ya habari. Kujua kwamba jiko jipya linawashwa hakukuambii kama la zamani limezimwa.

Pili, kuni zilipimwa kwa mizani nyumbani kwa watu. Kazi hii inaonekana rahisi kwa anayeisoma. Asubuhi mpimaji anafika na mizani ya kuning'iniza, anapima lundo la kuni lililotengwa, anaandika uzito. Kesho yake anarudi kupima kilichobaki, na hivyo hivyo kwa siku kadhaa. Lakini kuni zilizonyeshewa ni nzito kuliko kavu, kwa hiyo unyevu nao unapimwa, kigogo kwa kigogo. Watoto wanaokota vijiti njiani na kuviongeza kwenye lundo. Wageni wanakuja na chakula kinaongezeka. Jirani anaazima kuni tatu na kuzirudisha siku ambayo kipimo kimeisha. Wapimaji wazuri walijifunza kukaa kidogo na kuzungumza kabla ya kushika mizani, kwa sababu mambo kama hayo hayapo kwenye fomu, mtu anayataja tu katika mazungumzo.

Kuhusu sehemu isiyorejea, uongozi uliamua kuacha kiwango cha juu na kutumia asilimia 30, ambayo CDM nayo ilikuwa imeiweka kama kiwango cha tahadhari. Hakuna aliyewalazimisha. Kipindi chao cha usajili kilikuwa bado kinaruhusu cha zamani.

Uamuzi wa mwisho ulihusu teknolojia. Kwa kaya zilizokuwa na umeme, Kampuni ilianza kutoa sufuria za presha za umeme zenye mita ndani yake. Kaya inalipa kidogo kidogo kwa simu, na kila mara sufuria inapowashwa, kiasi cha umeme kilichotumika kinatumwa kwenye mtandao. Hapo hakuna dodoso wala kukumbuka. Gold Standard, shirika linaloweka viwango na kusajili miradi ya kaboni, lilikuwa limetoa mbinu ya vifaa vyenye mita tangu mwaka 2021, kwa hiyo njia ya kusajili ilikuwapo.

## Matokeo

Tarakimu kamili za Kampuni nimeziacha makusudi, kwa kuwa zinatosha kuitambulisha. Itoshe kusema kwamba krediti kwa kila jiko la kuni zilishuka hadi sehemu ndogo ya zile za awali, na kila kipengele kilichangia. Vitambuzi vilionyesha jiko la mradi likiwashwa sana asubuhi na mafiga yakifanya kazi jioni, kama mama yule alivyosema. Vilionyesha pia jambo ambalo watafiti waliofanya kazi Uganda walikwisha kuliandika: matumizi ya jiko jipya yalipanda siku ambazo wapimaji walikuwapo, na kushuka walipoondoka.

Mnunuzi aliyapokea matokeo vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Hakuvunja mkataba. Waliketi na kuuandika upya, kwa tani chache, bei kubwa zaidi kwa kila tani iliyopimwa, na fungu tofauti la kugharamia upimaji wenyewe ambalo halitegemei idadi ya krediti. Kwa upande mwingine, mnunuzi wa pili, mdogo, alijitoa mara moja na kwenda kununua tani za bei rahisi kwingine.

Bei mpya haikuziba pengo lote. Kampuni ilifunga shughuli katika maeneo mawili na watu walipoteza kazi, wakiwamo baadhi ya wapimaji waliofanya kazi nzuri kabisa. Msimamizi aliyeandika zile kurasa mbili alipandishwa cheo kuongoza kitengo cha takwimu. Sufuria za umeme zilitumika sana na takwimu zake zilikubaliwa bila mabishano, ila zilienda kwa kaya zenye umeme wa uhakika na uwezo wa kulipa awamu.

## Kilichofanya kazi

Kuzizuia krediti ambazo hazijauzwa ndiyo hatua iliyoiokoa Kampuni, kuliko hata upimaji. Kama zingeingia sokoni wakati vitambuzi vinafungwa, upimaji wote ungeonekana kama maonyesho. Mnunuzi alituambia baadaye kwamba alipoona kwenye rejista kuwa krediti zile hazijaguswa ndipo alipoamua kukaa mezani. Rejista za kaboni ni za wazi, na yeyote anaweza kuona nini kimetolewa na nini kimefutwa, yaani kimekwisha kutumika kufidia na hakiwezi kuuzwa tena. Waendeshaji wengi wa miradi husahau kwamba wateja nao wanasoma.

Kutenganisha malipo ya upimaji na malipo ya tani pia kulikuwa na athari kubwa. Katika mkataba wa zamani kila shilingi iliyoenda kwenye ufuatiliaji ilipunguza faida, na kila tani iliyogunduliwa kuwa hewa ilipunguza mapato. Meneja wa takwimu alikuwa anaombwa, kwa maneno mengine, atumie fedha ili kuipunguzia kampuni fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Hapa daftari lilikuwapo, ila aliyeliandika alilipwa kwa kadiri lilivyonona.

Kitambuzi kwenye mafiga kilikuwa uamuzi mdogo wenye matunda makubwa. Ningependa kila mradi wa nishati uuige, uwe wa majiko, wa pampu za jua au wa magari ya umeme. Teknolojia mpya inapunguza hewa ukaa pale tu inapoiondoa ya zamani, na vipimo vingi vinaitazama mpya peke yake.

## Kilichoshindikana

Kosa la msingi lilitangulia miaka mingi kabla ya barua ya Mnunuzi. Jiko lilisanifiwa ili lishinde jaribio la kuchemsha maji maabara, ambako kuni ni kavu, zimekatwa sawa, na sufuria ni ya kipimo kimoja. Hakuna aliyekaa wiki moja kwenye nyumba za watumiaji kabla ya kiwanda kuanza kazi. Onyo lilikuwapo tayari. Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kwa miaka minne kaya zilizopewa majiko bora katika jimbo la Odisha, India, wakakuta kwamba moshi uliopungua mwaka wa kwanza ulirudi, kwa sababu majiko hayakutumiwa wala kutengenezwa yalipoharibika. Nchini Malawi, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet halikuona nafuu ya nimonia kwa watoto ambao kaya zao zilipewa majiko ya kuni yaliyo safi zaidi. Mwenye jiko anajua kama kifaa kinamfaa. Kumuuliza baada ya kumgawia ni kuchelewa.

Mfumo wa soko nao una lawama yake, na nadhani kubwa kuliko ya Kampuni. Tazama nani ananufaika namba ikiwa kubwa. Kampuni inauza tani nyingi zaidi. Mkaguzi huru analipwa na kampuni anayoikagua, na akiwa mkali sana kazi inayofuata itapewa mwingine. Rejista inatoza ada kwa kila krediti inayotolewa. Mnunuzi anapata tani rahisi za kutangaza. Katika mlolongo wote huo hakuna hata mmoja anayepoteza kwa namba kuzidi, isipokuwa hali ya hewa, na yenyewe haina mwakilishi mezani. Ukaguzi ulifanyika kwa kufuata kanuni zote, na bado ulipitisha namba isiyo ya kweli, kwa kuwa uliangalia kama fomu zimejazwa sawasawa. Juhudi za kurekebisha hili zimeanza. Baraza la ICVCM, chombo huru kinachosimamia uadilifu wa soko la hiari la kaboni, lilitoa mwaka 2023 kanuni zake za msingi za ubora wa krediti, na Agosti 2024 lilikataa mbinu zilizokuwapo za miradi ya nishati jadidifu kwa kutothibitisha vya kutosha kwamba miradi hiyo isingejengwa bila fedha za kaboni. Ni hatua nzuri, lakini lebo ya ubora ya baraza hilo inakagua mbinu na programu, haiingii jikoni. Bado kuna haja ya mkaguzi asiyelipwa na anayekaguliwa, na sioni kwa nini ada yake isipitie mfuko wa pamoja unaosimamiwa na rejista.

Sufuria yenye mita imetatua tatizo la takwimu na kuzua la haki. Inafika kwa mwenye umeme, mwenye simu, mwenye kipato cha kueleweka, na anayepikia kuni kijijini anabaki na jiko la kwenye rafu. Soko likilipa vizuri tani inayopimwa kirahisi tu, fedha zitakimbilia kule kipimo kilipo rahisi, ambako mara nyingi siko kwenye shida kubwa. Isitoshe, sufuria hiyo inajua kaya inapika saa ngapi, mara ngapi, na siku zipi haikupika kabisa. Fomu ya ridhaa ilikuwa na aya moja kuhusu takwimu, kwa maandishi madogo, na nilipowauliza watumiaji wachache hakuna aliyejua kwamba habari hizo zinasafiri. Hili lilihitaji kurekebishwa kabla ya kifaa cha kwanza kutoka ghalani. Pia kuna hesabu ya umeme wenyewe: pale gridi inapoendeshwa kwa makaa ya mawe au dizeli, hewa ukaa ya mtambo lazima itolewe kwenye akiba, na jedwali la kwanza la mauzo lilikuwa limeiruka.

Mkakati wa soko ulikuwa na tundu jingine. Kampuni ilitaka kuuza tani zake mpya kwa mashirika ya ndege kupitia CORSIA, mpango wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga ambao awamu yake ya kwanza ni ya mwaka 2024 hadi 2026. Huko bei inavutia. Lakini krediti za awamu hiyo zinahitaji barua ya serikali ya nchi ya mradi, ikikubali kutozihesabu tena tani hizo katika lengo lake yenyewe chini ya Mkataba wa Paris. Kanuni za jumla za kifungu cha 6 cha mkataba huo, kinachohusu nchi kuuziana tani hizo, zilipitishwa Glasgow mwaka 2021, hivyo Kampuni ilikuwa na muda wa kutosha kuzungumza na wizara. Iliomba barua baada ya kupanga mapato. Serikali, kwa haki kabisa, ilijiuliza kama inafaa kuuza tani zilizo rahisi kupatikana na kujibakizia ngumu. Mazungumzo yanaendelea na mapato hayo bado yapo kwenye makaratasi.

## Deni la tani zilizokwisha kuuzwa

Limebaki suala ambalo kanuni za soko hazilijibu vizuri. Krediti za miaka ya mwanzo zilikwisha kufutwa kwenye rejista kwa niaba ya wateja wa Mnunuzi, na wateja hao wamekwisha kutangaza kwamba wamefidia hewa ukaa yao. Huwezi kurudisha tangazo, na hewa ukaa haikupungua kwa kiasi kile.

Kampuni iliamua kulichukulia pengo hilo kama deni. Ilikokotoa, kwa vipimo vipya, tofauti kati ya tani zilizouzwa na tani zilizookolewa, ikaiandika katika taarifa yake ya mwaka, na ikaahidi kufuta bila malipo sehemu ya krediti zake zilizopimwa kila mwaka hadi tofauti iishe. Wanahisa wawili walipinga kwa kuwa hakuna sheria inayowataka wafanye hivyo. Mnunuzi alikubali kuchangia sehemu ya gharama, akikiri kwamba naye alinunua rahisi bila kuuliza. Kwa kasi ya sasa deni hilo litachukua miaka mingi, na linakwenda likipungua kwa kutegemea zaidi sufuria za umeme kuliko majiko ya kuni. Mkaguzi mpya amepewa kazi ya kulithibitisha kila mwaka, na ada yake inalipwa nusu kwa nusu na pande zote mbili.